MAMBO YA NYUMBANI: Kitunguu Maji na Mafuta ya Moto

Wazee waliokiita kitunguu kwa jina la "kitunguu maji" walisema kweli kubwa kwa maneno mawili. Katika kila sehemu 100 za uzito wa kitunguu, karibu 89 ni maji matupu, na zilizobaki ni sukari, nyuzinyuzi na vitu vingine vichache. Basi mtu atakaye vitunguu vya kukaanga vilivyo vikavu, vyenye rangi ya dhahabu na kulia menoni, na ajue tangu mwanzo kwamba kazi yake ni kuyafukuza maji hayo bila kuiunguza sukari. Mambo yote mengine, yaani kisu, moto, chumvi na subira, yatokana na neno hilo moja.

Wako watu watakaocheka kusikia kwamba kukaanga kitunguu kwahitaji elimu. Hao na waende Mombasa siku ya harusi, wakatazame biriani inavyopikwa. Jina lenyewe la biriani latoka katika lugha ya Kiajemi, na maana yake ni kitu kilichokaangwa au kuokwa. Katika upishi wa pwani vitunguu hukaangwa kwanza, vingi sana, hata pengine vikakaribia uzito wa nyama. Sehemu kubwa huvunjwa-vunjwa kwa mkono na kutiwa katika rojo pamoja na maziwa ya mgando, nyanya na viungo. Sehemu ndogo huwekwa kando ili inyunyizwe juu ya wali wakati wa kupakua. Na mafuta yaliyokaangia hutiwa katika wali, nao ukapata harufu njema.

Sasa vitunguu hivyo vikiungua, uchungu wake huenea katika rojo lote, wala hapana sukari wala ndimu iwezayo kuuondoa. Nyama iliyonunuliwa kwa fedha nyingi, mchele mzuri, zafarani na iliki, vyote huharibika kwa ajili ya dakika moja ya uzembe, na wageni wamekwisha kuketi mkekani. Kwa hiyo mpishi mwenye busara aweza kumwachia mwenziwe kazi ya kukata nyama au kuchagua mchele, lakini karai la vitunguu hulisimamia mwenyewe.

KUCHAGUA NA KUKATA

Vitunguu vyekundu vya ukubwa wa kadiri ndivyo vifaavyo zaidi, vikiwa vigumu, vyenye ganda kavu na shingo nyembamba iliyofunga. Kilichoanza kuchipua au kilicho laini shingoni kiachwe. Wakulima wa Kenya wamezijua kwa miaka mingi aina mbili, Red Creole na Bombay Red, na zote mbili hukaa ghalani bila kuoza upesi zikikaushwa vema baada ya kung'olewa. Vitunguu vingi vya sokoni hutoka Kieni katika Nyeri, na Oloitoktok karibu na mlima Kilimanjaro. Na vingine huvuka mpaka kutoka Mang'ola, bonde lililo karibu na ziwa Eyasi katika Tanzania. Mwaka 2023 bei ya vitunguu ilipanda mno Kenya, hata watu waliozoea kununua kwa kilo wakaanza kununua kimoja kimoja. Aliyepitia siku zile hahitaji kuambiwa kwamba kuunguza karai zima ni kutupa fedha.

Kwa biriani, kitunguu hupasuliwa katikati tangu kichwani mpaka shinani, kisha hukatwa vipande vyembamba, unene wa sarafu ya shilingi. Unene uwe sawa kwa vipande vyote. Kipande chembamba kitaungua kabla ya kile kinene kukauka, na hapo mpishi hupata karai lenye vitunguu vyeusi na vibichi pamoja. Kisu kiwe kikali. Kitunguu kikatwapo hutoa mvuke wenye asili ya kiberiti, nao ukikutana na maji ya macho huwasha na kutoa machozi. Kisu butu huzisaga seli nyingi na kuzidisha mvuke huo, kisu kikali huzikata tu. Yafaa pia kuliacha shina hadi mwisho.

Baada ya kukatwa, vipande vitenganishwe kwa vidole, vikatandazwe juu ya sinia penye upepo kwa muda wa nusu saa. Wengine hunyunyiza chumvi kidogo ili ivute maji nje, kisha huvikamua katika kitambaa safi. Njia hii ni nzuri, bali mpishi asisahau kupunguza chumvi ya rojo, la sivyo atalipa baadaye.

MOTO NA SUBIRA

Mafuta yawe mengi, hata vitunguu vielee, lakini yasipite nusu ya kina cha karai. Mpishi abanaye mafuta kwa kudhani anaweka akiba hujidanganya, kwa kuwa vitunguu vyake vitakauka upande mmoja na kulowa upande wa pili. Vilevile vitunguu vyote visitiwe kwa mara moja. Vikizidi, mafuta hupoa ghafula, na vitunguu hutokota katika maji yao wenyewe, vikawa laini kama vya mchuzi. Ni heri kukaanga mara tatu au nne.

Sikio na litumike pamoja na jicho. Mara vitunguu vinapotiwa, mafuta hupiga kelele nyingi na kutoa mapovu makubwa. Hayo ni maji yanayotoka kwa namna ya mvuke, na maadamu maji yangaliko, kitunguu hakiwezi kupata moto mkali ndani yake, wala hakigeuki rangi upesi. Huu ndio wakati wa kugeuza kwa upawa pole pole, bila haraka. Baada ya dakika kadhaa kelele hupungua, na mapovu huwa madogo. Hapo mpishi asiondoke hata kama mgeni anabisha hodi, kwani maji yamekwisha kutoka, na sukari ya kitunguu sasa yakutana na moto bila kizuizi. Tangu rangi ya majani makavu mpaka rangi ya mkaa, safari yake ni fupi sana.

Vitunguu vitolewe vinapofikia rangi ya asali, kabla ya kufika rangi inayotakiwa mezani. Hata baada ya kutolewa, joto lililomo ndani yake huendelea kuvipika kwa muda. Kosa la mpishi mgeni ni hili: huvishika, akaviona laini bado, akavirudisha motoni, navyo huungua. Hajui kwamba kitunguu hukauka na kuwa kigumu kinapopoa. Basi vitandazwe upesi juu ya chujio, vitenganishwe kwa uma, viachwe. Baada ya dakika tano vitavunjika kwa mlio.

Apikaye kwa jiko la makaa hana kitufe cha kupunguzia moto. Kwake yafaa kuyatawanya makaa mapema, na kuweka karibu mahali pa kulitua karai bila kuyumba, ili aweze kuliondoa motoni mara kelele za mapovu zinapopungua.

Kilo moja ya vitunguu vibichi hubaki kama robo yake tu, au pungufu ya hapo. Vikiisha kupoa kabisa, vitiwe katika kopo lenye mfuniko wa kubana. Hewa ya pwani ina unyevu mwingi, na vitunguu vilivyoachwa wazi jioni huwa vimelegea asubuhi. Visifunikwe vingali na joto, kwani mvuke wao wenyewe utavilowesha.

PETE ZA KUVIKWA UNGA

Namna ya pili ni pete za kitunguu zilizovikwa unga, chakula kipendwacho sana Marekani, nacho kimeingia katika mikahawa ya miji mingi. Ni ndugu wa bajia. Hapa kanuni yageuka kidogo. Maji hayafukuzwi yote, bali kitunguu hupikwa laini ndani ya gamba kavu la unga.

Kwa vitunguu viwili vikubwa, mpishi atwae kikombe kimoja cha unga wa ngano, robo kikombe ya unga wa mchele, kijiko kidogo cha beking pauda, nusu kijiko kidogo cha chumvi, na pilipili manga kidogo. Achanganye na maji baridi sana, karibu kikombe kimoja, akitia kidogo kidogo mpaka upatikane uji mzito unaoshika mgongo wa kijiko. Asiupige sana, vidonge vidogo vikibaki si neno. Unga wa ngano una kitu kiitwacho glutini, ambacho hunyumbuka kinapopondwa. Mnyumbuko huo ni sifa ya chapati, lakini katika pete huleta gamba gumu kama ngozi. Maji baridi na mkono mwepesi huuzuia, na unga wa mchele, usio na glutini, huongeza ukavu.

Vitunguu vikatwe kwa upana, unene wa nusu sentimita hadi sentimita moja, kisha pete zitenganishwe. Ndani ya kila pete mna utando mwembamba, wenye kung'aa na kuteleza; nao uondolewe kwa ncha ya kisu. Wengi huuacha, kisha hushangaa kuona unga ukivuka na kuacha kitunguu uchi ndani ya mafuta. Pete ikaushwe kwa kitambaa, ipakwe unga mkavu, ikung'utwe, ndipo ichovywe katika uji.

Mafuta yawe na joto la digrii 175 hadi 180. Asiye na kipimo na adondoshe tone la uji. Likizama na kukaa chini, mafuta bado. Likipanda upesi likizungukwa na mapovu, mafuta ni tayari. Likigeuka jeusi mara moja, moto umezidi. Pete nne au tano zakaangwa pamoja kwa dakika mbili hadi tatu, zikigeuzwa mara moja. Kisha ziwekwe juu ya waya au chujio, moja kando ya nyingine, bila kupangwa kwa fungu wala kufunikwa. Chumvi ya mwisho hunyunyizwa wakati huo, zingali na joto.

Wako watu ambao hutandika gazeti chini ya vyakula vya kukaanga ili linyonye mafuta. Gazeti ni la kusomwa. Wino wake haukutengenezwa uliwe, na mafuta ya moto huubandua ukaingia katika chakula cha watoto.

MAFUTA YENYEWE

Mwaka 2014 ilitangazwa habari ya kusikitisha. Wezi katika Kenya walikuwa wakizivunja transfoma za umeme na kuyaiba mafuta yake, yakauzwa kwa baadhi ya wakaangaji wa barabarani, kwa kuwa hudumu motoni kuliko mafuta ya kupikia. Mafuta yale si chakula, na vijiji viliachwa gizani kwa ajili yake. Mtu akaangaye nyumbani kwake ajua alichotia katika karai, na hiyo pekee ni faida kubwa.

Lakini hata mafuta mema huchoka. Yakiisha kupoa yachujwe ili makombo yatoke, yawekwe katika chupa gizani, yatumike tena mara chache. Yakiwa meusi, yakitoa povu lisilokwisha, au yakifuka moshi kabla ya wakati, yatupwe, wala yasimwagwe katika bomba la maji machafu, kwani huganda na kuliziba.

HATARI ISIYOSAHAULIKA

Mafuta yakishika moto, maji yasitiwe kamwe. Maji ni mazito kuliko mafuta, kwa hiyo huzama chini yake, hugeuka mvuke kwa nukta moja na kutanuka zaidi ya mara 1,600, yakayarusha mafuta yenye moto hata darini. Mfuniko wa sufuria ulio mkubwa kuliko karai uwe karibu kabla ya kuanza. Moto ukiwaka, karai lifunikwe, jiko lizimwe, na mfuniko usiinuliwe mpaka vyote vimepoa. Kulibeba karai liwakalo kulipeleka nje ni kujitafutia maafa.

Watoto wasicheze karibu, na jiko la chini lisiwekwe mahali pa kupitia. Aliyeunguzwa na mafuta amwagiwe maji safi ya baridi yanayotiririka kwa muda wa dakika 20, apelekwe kwa mganga wa hospitali ikiwa jeraha ni kubwa, au liko usoni au mikononi, au ikiwa ni mtoto mdogo. Dawa ya meno, unga, yai na mafuta ya taa visipakwe. Huzuia joto kutoka na kuleta uchafu kidondani.

Basi kazi hii, ambayo huonekana ndogo, yataka mtu asimame mahali pamoja kwa dakika 20, asikilize, atazame, na ajue wakati wa kutoa. Mwenye nyumba ambaye hajapata kusimama mbele ya karai hilo na asimame siku moja, mume au mke. Kisha atakapoletewa sahani ya biriani yenye vitunguu vya rangi ya asali juu yake, atajua ni jambo gani hasa analomshukuru mpishi.