Kombe na Kaunta Buku

Usiku tuliopewa kombe, simu ya klabu ilikuwa mfukoni mwangu, sauti nimeizima. Tulikuwa Dar es Salaam, kwenye ukumbi wenye kiyoyozi kilichotutetemesha sisi tuliotoka Ifakara kwa basi la alfajiri. Mshereheshaji alikosea jina la klabu yetu mara mbili kabla ya kulipata. Tulipanda jukwaani watu kumi na mmoja, fulana nyekundu kwa wote. Kwenye picha mimi ndiye niliyeshika kombe upande wa kulia, natabasamu. Wakati picha ile inapigwa, mtu wa maabara huko Ifakara alikuwa ananipigia kwa mara ya tatu.

Alipiga mara saba. Mwishowe akaandika ujumbe: mama amejifungua, anatoka damu nyingi, kundi O, mna mtu? Nilipompigia mimi ilikuwa saa nne na dakika arobaini usiku, sahani ya pilau mkononi. Akajibu, "Tumeshapata." Waliotoa damu ni shemeji yake yule mama na dereva bodaboda wa Kibaoni aliyewaleta. Mama alipona. Nalisema hilo mapema ili usidhani nataka kukushinda kwa maiti. Hoja yangu haihitaji maiti. Hoja yangu ni kwamba tuzo za klabu za wanafunzi, jinsi zinavyotolewa sasa, zinazifundisha klabu kumfanyia kazi mtu asiye na shida.

Nianze na klabu yenyewe. Ilianzishwa na dada mmoja wa mwaka wa tano, kabla sijafika chuoni, na mtaji wake ulikuwa kaunta buku moja. Alipiga mistari kwa rula: jina, kundi la damu, namba ya simu, hosteli, tarehe ya mwisho kutoa, tarehe ya kuruhusiwa tena. Safu hiyo ya mwisho ndiyo ilikuwa akili yake yote. Mwanamume akitoa damu leo, anatakiwa akae miezi mitatu kabla ya kutoa tena. Mwanamke miezi minne. Na damu iliyotolewa nayo ina umri wake: ikihifadhiwa kwenye friji kwa namna ya kawaida, mwisho ni siku 35. Kwa hiyo dada yule hakutaka watu wengi. Alitaka watu wachache kila wiki, wanne au watano, mwaka mzima, ili friji isijae wala isikauke. Maabara wakipungukiwa, wanapiga simu ya klabu. Mwenye simu anafungua daftari, anaangalia nani tarehe zake zimetimia, anamgongea mlango. Unakwenda, unatoa, unapewa soda na biskuti, unarudi kusoma. Hapakuwa na picha. Ungepiga picha ya nini? Mtu amelala kitandani, mrija mkononi, kesho ana mtihani wa famakolojia.

Anayeishi bonde hili anajua damu hiyo inakwenda kwa nani. Ifakara imekaa kati ya milima ya Udzungwa na mto Kilombero, na masika maji huja kutoka pande zote. Mto Lumemo ukifura, watu wa mitaa ya chini hupandisha magodoro juu ya meza. Ni wakati huo huo familia nyingi ziko mashambani, ng'ambo ya mto au mbali bondeni, zikiishi kwenye madungu kulinda mpunga dhidi ya ndege na nguruwe pori. Mbu nao wako kazini. Mtoto anapata malaria, damu inapungua mwilini, analetwa siku ya nne akiwa mweupe viganjani. Mama anajifungulia njiani. Zamani wa kutoka Minepa au Lupiro walisubiri kivuko. Leo wanapita darajani na kufika mapema zaidi, ambayo ni neema, lakini daraja halimpi mtu damu. Wanaofika wanaikuta ile iliyopo kwenye friji.

Sasa ikaja tuzo. Siitaji kwa jina, kwa sababu ziko nyingi na fomu zao zinafanana kama pacha. Yetu ilikuwa na kurasa sita. Idadi ya matukio kwa mwaka. Idadi ya walionufaika. Idadi ya wafuasi mtandaoni. Wadau mlioshirikiana nao, pamoja na nembo zao. Picha zisizopungua kumi, zenye ubora. Barua ya uongozi wa chuo kuthibitisha kuwa klabu haijawahi kuwa na mgogoro wowote. Nikiwa katibu, nililiweka kaunta buku mezani upande mmoja na fomu upande wa pili, nikatafuta kisanduku cha kuandika kwamba kijana wa mwaka wa pili aliamshwa saa tisa usiku akaenda kwa miguu. Hakikuwepo. Kwa macho ya fomu ile, klabu yetu ilikuwa haijafanya kitu.

Tukaamua kufanya kitu. Mwanzoni mwa Machi, ili picha ziwahi tarehe ya mwisho, tulitangaza kampeni kubwa. Spika mbili, bango la mita nne, fulana, muziki tangu asubuhi. Watu walijitokeza hadi tukaishiwa soda. Tulipata chupa 83 kwa siku moja. Kabla ya hapo hatukuwahi kufikisha hata 30 kwa mwezi. Jioni tulikuwa tunakumbatiana. Mtu wa maabara, mzee mpole asiyependa kelele, alikuwa anapanga mifuko ile huku anatikisa kichwa. Akaniambia, "Mdogo wangu, mmenijazia friji leo. Mtanikaushia mwezi wa tano." Nilicheka. Nikadhani ni utani wa watu wazima.

Fanya hesabu aliyokwisha kuifanya yeye. Machi mwanzoni, ongeza siku 35: katikati ya Aprili, mfuko wowote ambao haujatumika unatupwa. Machi mwanzoni, ongeza miezi mitatu: kabla ya Juni hakuna mwanamume hata mmoja kati ya wale 83 anayeruhusiwa kutoa tena, na wanawake mpaka Julai. Katikati hapo ndipo ilipo masika yote. Niliporudi kutoka Dar nikafungua daftari kutafuta kama palikuwa na mtu wa kundi O ambaye angeweza kwenda usiku ule, kama ningepokea simu. Nilipitia majina yote. Hapakuwa na mtu. Simu iliyozimwa sauti ilikuwa aibu yangu, nayo naibeba. Lakini hata ningeipokea kwa mlio wa kwanza, jibu lingekuwa hatuna. Tulikuwa tumewatumia wote siku moja, kwa ajili ya picha kumi zenye ubora.

Hii ndiyo sababu sikubali nikiambiwa kwamba tuzo ni kitu kidogo, pongezi tu, mapambo. Pambo halibadilishi ratiba ya watu. Tuzo ilibadilisha yetu. Ilihamisha kazi kutoka Mei, ilikohitajika, ikaipeleka Machi, ilikoonekana.

Nijibu wanaonipinga, maana wana hoja. Mwenyekiti wetu mpya aliniambia, bila kunionea haya: "Kaka, wewe unamaliza. Sisi tunahitaji kitu cha kuandika kwenye wasifu." Ana haki. Ajira imekuwa ngumu hata kwa daktari, na anayemwambia kijana ajitolee kimyakimya mara nyingi ni mtu ambaye mshahara wake unaingia kila tarehe 25. Tena ni kweli kwamba baada ya kombe tulipata wanachama wapya zaidi ya 40. Ni kweli pia kwamba tulipewa hundi ya laki tano. Lakini nilikuwa katibu, hesabu ninazo: nauli, fulana, bango na bando tulizowanunulia wanachama ili watupigie kura mtandaoni zilikula laki saba na ushee. Na kati ya wale 40, waliorudi kutoa damu mara ya pili ni tisa. Wengine walikuwa wamekuja kwenye tukio, na tukio lilikwisha.

Wapo pia wanaosema klabu bila kutambuliwa hufa. Hapo naomba turudi nyuma kidogo. Mwaka 1967 wanafunzi pale mlimani, Dar es Salaam, walianzisha chama kilichojulikana kwa kifupi kama USARF. Mwenyekiti wake alikuwa Yoweri Museveni, kijana kutoka Uganda. Novemba 1969 chama kikatoa toleo la kwanza la jarida lake, *Cheche*, mhariri wake Karim Hirji, mwanafunzi wa hisabati. Humo ndimo Issa Shivji alimochapisha uchambuzi wake kuhusu mapambano ya kitabaka Tanzania. Novemba 1970 serikali ikakifuta chama na kulizima jarida. Mwaka mmoja tu. Hakuna aliyewapa kombe, na kwa fomu yetu ile wangeanguka kwenye kipengele cha kwanza cha barua ya kutokuwa na mgogoro. Zaidi ya miaka 50 baadaye bado tunawasoma. Sisemi kila klabu ifutwe ndipo iwe na maana. Ya kwetu ni ya damu, si ya mapinduzi. Nasema wale walijua wanamwandikia nani. Klabu hufa inaposahau hilo, hata kama kabati lake limejaa vikombe.

Na kama ni suala la kupima, wenye tuzo wangekuja kujifunza hapa hapa bondeni. Taasisi ya Afya Ifakara, ambayo mizizi yake ni maabara ndogo ya Waswisi ya miaka ya 1950, ilianza mwaka 1996 kufuatilia kaya za Kilombero na Ulanga. Kwa miaka mingi wahoji wake walirudi nyumba zile zile kila baada ya miezi minne, kwa baiskeli, kwa miguu, tope au vumbi, kuuliza nani amezaliwa, nani amehama, nani amefariki. Ndiyo maana walipotaka kujua kama vyandarua vyenye dawa vinaokoa watoto, hawakuishia kuhesabu vyandarua vilivyotoka ghalani. Walihesabu watoto waliokuwa hai. Siri yote iko kwenye neno *kurudi*. Tuzo zetu hazirudi. Zinapokea fomu, zinatazama picha, zinapiga simu kuthibitisha saizi za fulana.

Kwa hiyo, ninyi mnaotoa tuzo, nasema nanyi moja kwa moja. Kama ni lazima mtoe, msituulize sisi. Hakuna anayejitolea ushahidi mbaya. Muulizeni mzee wa maabara, mwuguzi wa zamu, mama aliyelazwa. Njooni Mei, bila taarifa, mvua ikinyesha, mwone kama simu inapokewa. Msikubali namba ya siku moja. Ombeni ya kila wiki, na mtazame wiki mbaya kuliko zote. Ondoeni kura za mtandaoni, kwa sababu mnapima nani ana bando. Na mkishampata mnayemtaka, mpeni kitu ambacho kazi inakihitaji: nauli ya bodaboda ya usiku kwa mwaka mzima, muda wa maongezi, tochi. Vijana wataandika hayo kwenye wasifu vilevile, na mwajiri mwenye akili ataelewa. Mkishindwa hayo yote, basi tuacheni.

Na ninyi wenzangu mlio vyuoni, klabu yenu iwe ya mazingira, ya midahalo, ya kufundisha watoto hesabu siku ya Jumamosi, najua mnayo safu yenu ya mwisho kwenye daftari, ile ambayo hakuna fomu inayoiuliza. Kwenu inaweza kuwa mti wa mwaka juzi, kama bado umesimama. Inaweza kuwa mtoto aliyeacha kuja Jumamosi, kama kuna aliyekwenda kwao kuuliza. Hiyo ndiyo klabu yenu. Mengine yote ni spika.

Fomu ya mwaka huu imeshafika. Tarehe ya mwisho ni Ijumaa ijayo, na mwenyekiti ameitisha mkutano keshokutwa jioni. Najua wengi wanataka tujaze. Mabingwa watetezi, wanasema. Nitaomba jambo moja tu kabla ya kupiga kura: kaunta buku lifunguliwe kurasa za Aprili na Mei za mwaka jana, lizungushwe mkono kwa mkono, kila mtu aone. Kurasa mbili, mistari imepigwa vizuri kwa rula, hakuna jina hata moja. Kisha waamue wanavyotaka. Simu ya klabu nitakuwa nayo mimi siku hiyo. Nitaiweka mezani, sauti juu.