Sarafu za Bure na Uaminifu wa Foleni

Ndugu Waislamu wa Mbeya na Iringa, vijana wetu wanashawishiwa kwamba sarafu za mtandaoni zinazogawiwa bure hujenga jamii ya watu waaminifu. Uaminifu gani? Mwaka 2023 jijini Nairobi maelfu walipanga foleni wapigwe picha za macho, wakapewa sarafu za Worldcoin zenye thamani ya takriban shilingi 7,000 za Kenya. Wengi wakaziuza upesi. Sarafu imekwenda, na jicho limekwenda!

Atakayedai kwamba zaka nayo ina fungu la wanaotiwa nguvu nyoyo zao, aitazame Hunayn, mwaka 8 Hijria. Baadhi ya vigogo wa Kikureshi walipewa ngamia mia mia. Ansari, waliompokea Mtume (s.a.w.) kabla ya ngawira yoyote, hawakupewa kitu, wakarejea Madina pamoja naye. Hao wagawaji wa sarafu wana Ansari wangapi?