KASUKU HAENDESHI BIASHARA



Kijana amemaliza miaka mitatu katika chuo cha biashara. Muulize kazi za meneja, atazimwaga bila kupumua: kupanga, kuunganisha, kuongoza, kudhibiti. Muulize aina za mtaji, anazo zote kwa mpangilio. Sasa mpeleke Kisarawe kwa mama yake, mwenye magunia manne ya korosho ghafi na mtoto mwingine anayedaiwa shuleni. Auze leo kwa mchuuzi wa kangomba, mwenye fedha mkononi na sheria nyuma yake inamfukuza, au apeleke ghala la chama cha msingi angoje mnada? Kijana anakuna kichwa. Swali hilo halikuwamo katika daftari.

Sisi hatumcheki kijana. Tunawashitaki waliomfundisha.

Mkoloni alikuwa na sababu yake. Alitaka karani wa kunakili, si mtu wa kuamua. Kuamua ilikuwa kazi ya bwana. Mwalimu Nyerere aliijua elimu ile kwa ndani, maana alifundisha Pugu, katika vilima vinavyopakana na Kisarawe, mpaka alipoacha kazi 1955. Mwaka 1967, katika Elimu ya Kujitegemea, aliipinga waziwazi shule inayoishi kwa ajili ya mtihani. Chuo cha Elimu ya Biashara kilikuwa kimeanzishwa tayari, 1965, ili wananchi washike biashara ya nchi yao. Mkoloni amekwenda zake. Mbona daftari lake bado tunalo?

Sababu moja inajulikana na kila mwalimu, ingawa wengi wanaitaja kwa kunong'ona. Sekondari na vyuo vyetu vinafundisha biashara kwa Kiingereza. Asiyeelewa sentensi atafanya nini siku ya mtihani? Ataikariri. Kisha mama yake akimwuliza jambo kwa Kiswahili, ujuzi wake umefungiwa katika lugha nyingine.

Watatokea mabwana watakaosema kwamba lazima mtu akariri kwanza. Kweli. Jedwali la kuzidisha likae kichwani, na mhasibu asiyejua debiti na krediti ni hatari kwa chama chochote cha ushirika. Lakini anayeishia hapo ni karani yule yule wa mkoloni, amevaa tai mpya.

Tunawapa kisa, na hatukwenda mbali kukitafuta. Msimu wa 1973/74 Tanzania ilivuna zaidi ya tani 140,000 za korosho. Karibu zote zilikuwa zikienda India ghafi, wenzetu wakabangue na kupata faida. Nchi ikaamua kubangua yenyewe, na nia ilikuwa njema kabisa. Zikakopwa fedha, vikajengwa viwanda mpaka vikafika 12, kimoja hapo Kibaha. Hesabu ilikaa vizuri katika karatasi: mavuno haya, mashine hizi, faida hii.

Nani alimwuliza mkulima? Katika miaka ile ile Operesheni Vijiji ilikuwa ikihamisha watu, na mikorosho mingi ikabaki mbali na wenyewe, porini, bila kupaliliwa. Bei aliyolipwa mkulima haikumpa moyo wa kuifuata. (Tusijifiche: operesheni ilikuwa yetu, na bei tuliipanga sisi.) Kisha ukaja ugonjwa wa ubwiri unga. Msimu wa 1986/87 mavuno hayakufika tani 20,000. Viwanda vikakosa korosho, karibu vyote vikafungwa, na deni likabaki.

Wale waliokaa mezani hawakuwa wajinga. Kanuni walizijua. Walichukua mavuno ya jana wakayaandika kuwa mavuno ya kesho, kama mwanafunzi anavyochukua jibu la mwaka jana akalibandika katika mtihani wa mwaka huu.

Huko Marekani, Harvard imefundisha biashara kwa visa vya kweli tangu miaka ya 1920: mwanafunzi anapewa mambo yalivyokuwa, kisha anaambiwa aamue na ajitetee mbele ya wenzake. Njia hiyo ni nzuri. Lakini tukileta visa vya makampuni yao pamoja na majibu yake, tutakuwa tumempaka kasuku rangi nyingine tu.

Visa viko hapa. Kibaha yenyewe, kuanzia 1963, nchi nne za Nordiki zilisaidia kujenga sekondari, kituo cha afya na chuo cha wakulima mahali pamoja. Mwanafunzi na mkulima wakawa majirani. Leo Kwala kuna bandari kavu, Soga kuna stesheni ya reli mpya. Nani atapata biashara inayopita pale? Mzaliwa wa Kibaha, au mgeni aliyekuja amejifunza kuamua wakati wetu tulikuwa tukikariri?

Kwa hiyo tunawataka wakuu wa vyuo watie swali moja katika mtihani ujao, na liandikwe kwa Kiswahili: "Ni mwaka 1975. Umepewa karatasi za mkopo wa kiwanda cha korosho Kibaha. Kabla ya kutia sahihi una wiki moja ya kutembea Kisarawe. Utamwuliza nani, utamwuliza nini, na jibu gani litakufanya uweke kalamu chini?"

Majibu yatakayofanana neno kwa neno yapewe sifuri.