Mtani au Mtesi? Mapenzi ya Maadui Kwenye Tamthilia

Julai 1993 Radio Tanzania ilianza kurusha mchezo wa Twende na Wakati, mara mbili kwa wiki, na sehemu kubwa ya nchi ikamfahamu Mkwaju, dereva wa malori ya masafa marefu asiyetulia na mkewe Tunu. Dodoma haikumfahamu. Hadi 1995 mtambo wa Dodoma ulikuwa ukipiga vipindi vingine saa ile, kwa makusudi. Watafiti, wakiwamo Everett Rogers na Peter Vaughan, walihitaji eneo la kulinganishia ili wajue kama hadithi ya kubuni inaweza kubadili mwenendo wa watu halisi. Inaweza. Uzazi wa mpango ulipokewa zaidi kule mchezo uliposikika kuliko Dodoma, na Dodoma nayo ilipofunguliwa mchezo huo, ikafuata mkondo.

Ushahidi huo uwekwe mezani mapema, maana kila mjadala kuhusu tamthilia za mapenzi hukatizwa na mtu anayesema "hayo ni maigizo tu". Leo Dodoma hainyimwi kitu. King'amuzi kipo sebuleni, kibanda umiza kipo mtaani, na mwanafunzi wa UDOM anamaliza bando akitafuta kipindi kilichompita jana. Na katika tamthilia hizo, ziwe za Kituruki, za Kihindi au za nyumbani, kisa kimoja hakichoki kurudi: wawili wanachukiana kuanzia siku ya kwanza, kila mmoja ana jeraha lake la zamani, na mtazamaji anajua kabla yao kwamba watapendana.

Kwa nini wapendane, na kwa nini tuwaombee wapendane?

Tuchukue Is Pyaar Ko Kya Naam Doon?, iliyorushwa na Star Plus ya India kuanzia Juni 2011 hadi Novemba 2012 na baadaye ikawafikia watazamaji wa Afrika kwa jina la Strange Love. Khushi, binti wa familia ya kawaida kutoka Lucknow, anateleza na kuangukia mikononi mwa Arnav, tajiri wa biashara ya mavazi, katikati ya onesho lake la mitindo. Arnav anaamini msichana huyu ametumwa kumharibia. Anamkabili wakiwa peke yao, anamdhalilisha, na lulu zinatawanyika sakafuni. Kamera inazifuata lulu hizo taratibu, muziki unapanda, na hapo ndipo hila ya mtengenezaji ilipo: picha ni ya uonevu, lakini muziki ni wa mahaba. Mtazamaji anafundishwa kusubiri busu pale ambapo macho yake yameona dhuluma.

Ila hila peke yake haitoshi kubeba karibu vipindi 400. Khushi alipoteza wazazi wake kwa ajali akiwa mdogo. Mama yake Arnav alijiua baada ya kugundua usaliti wa mumewe. Wote wawili ni yatima, na wote wamejifunza kuficha: mmoja kwa kucheka na kuongea bila kupumzika, mwingine kwa ukali. Watu wanaowapenda wameshazoea vificho hivyo na hawahoji tena. Adui hajazoea. Anachunguza udhaifu wa mwenzake ili apate pa kupiga, na katika kuchunguza anakuta kidonda kinachofanana na chake. Hii ndiyo sababu ya ndani ya mvuto, na mwandishi mzuri anaijua.

Saikolojia nayo ina la kusema. Mwaka 1965 Elliot Aronson na Darwyn Linder waliwafanya wanafunzi wa chuo wasikie, kana kwamba kwa bahati, mtu akiwazungumzia. Aliyeanza kwa kuwaponda na kumalizia kwa kuwasifu alipendwa kuliko aliyewasifu mwanzo mwisho. Sifa ya adui ina uzito kwa sababu imetoka kwa shida. Mwaka 1974 Donald Dutton na Arthur Aron waligundua kwamba wanaume waliohojiwa na mwanamke juu ya daraja linaloning'inia la Capilano, Canada, walikuwa wepesi zaidi wa kumpigia simu baadaye kuliko waliovuka daraja imara. Moyo unapodunda kwa hofu au hasira, mtu anaweza kudhani unadunda kwa ajili ya aliye mbele yake. Yalikuwa majaribio ya muda mfupi; hayatuambii ndoa ya wawili hao ingekuwaje baada ya mwaka. Tamthilia pia haituambii, kwani aghalabu huishia harusini.

Lakini hatuhitaji kwenda Canada. Nyanda za kati zina elimu ya zamani juu ya jambo hili, nayo ni utani. Mwanaanthropolojia Peter Rigby, aliyeishi na Wagogo wa Dodoma mwanzoni mwa miaka ya 1960, aliandika mwaka 1968 jinsi utani unavyopita kati ya koo na kati ya watoto wa mjomba na shangazi. Kati ya makabila, utani mwingi wa Tanzania ulizaliwa vitani au kwenye njia za misafara. Wahehe, majirani wa kusini wa Wagogo, walipigana na Wangoni mwaka 1878 na tena miaka michache baadaye, vita vya kuuana kweli. Wajukuu wao leo ni watani. Tusi ambalo lingeleta ngumi likitoka kwa mwingine, likitoka kwa mtani linaleta kicheko.

Msibani ndipo utani unapoonekana wazi. Mtani anaziba njia jeneza lisipite mpaka apewe chochote. Anaigiza marehemu alivyokuwa akitembea, na wafiwa wanacheka huku machozi hayajakauka. Mtani huyo huyo ndiye anayeshika jembe na kushinda jikoni. Uadui wa zamani umebaki ulimini, mikononi umegeuka wajibu. Na kuna sharti lisilokwepeka: ukinitania, nami nakutania. Hakuna utani wa upande mmoja.

Kwa kipimo hicho, tamthilia za maadui zinagawanyika mara mbili, na mgawanyiko huo ni wa kale. Shakespeare, ambaye Watanzania wengi wamemjua kupitia tafsiri za Nyerere, aliandika zote mbili miaka ya 1590. Katika Much Ado About Nothing, Beatrice na Benedick wanarushiana maneno kama watani hasa, na hakuna anayeshinda. Katika The Taming of the Shrew, Petruchio anamnyima mkewe chakula na usingizi mpaka anyenyekee. Zote mbili huitwa vichekesho vya mapenzi. Ni ya kwanza tu inayochekesha.

Arnav na Khushi wanaanza upande wa watani: msichana anajibu, anamwekea tajiri vituko, na hapo tamthilia inapendeza kweli. Kisha Arnav anamlazimisha kufunga ndoa ya miezi sita kwa kutishia kuvunja ndoa ya dada yake Khushi, kwa tuhuma ambazo hajamuuliza. Khushi hana silaha ya kulingana na hiyo. Utani umekwisha, kilichobaki ni utesi, ila muziki haujabadilika.

Wapo watakaosema watazamaji si wajinga, na wana hoja. Janice Radway, katika utafiti aliouchapisha mwaka 1984 juu ya wanawake wa Marekani wanaosoma riwaya za mapenzi, alionesha kuwa walichokitafuta ni kumwona mwanaume mkali akijifunza kulea. Ni ndoto ya ushindi, na si dhambi kuota. Shida ni mahali ndoto hiyo inapoangukia. Utafiti wa kitaifa wa afya wa 2015-16 ulikuta asilimia 40 ya wanawake wa Tanzania wenye miaka 15 hadi 49 wamewahi kupigwa au kuumizwa mwili tangu wakiwa na miaka 15, na asilimia 58 walikubali kuwa ipo angalau sababu moja inayompa mume haki ya kumpiga mkewe. Katika vikao vya usuluhishi, mke anayerudi kwao na uso uliovimba huambiwa wagombanao ndio wapatanao. Methali hiyo inawahusu wanaogombana. Yeye hakugombana, alipigwa.

Hapa ndipo Mkwaju anapofaa kulinganishwa na Arnav. Waandishi wa Twende na Wakati walimfanya Mkwaju avutie, kisha wakamlipisha: aliugua UKIMWI, huku Tunu akijifunza kujitegemea. Arnav anajuta na kuomba radhi ukweli unapojulikana, lakini gharama ya kuufikia ukweli ilibebwa na Khushi.

Waandishi wa tamthilia za Kiswahili, ambazo sasa zinashindania jioni na za Istanbul na Mumbai, wasiache kisa hiki. Wawape maadui ndimi zinazolingana. Wampe mwanamke kipato na mlango wa kutokea, ili akibaki tujue amechagua. Na mwanaume akivuka mpaka, alipe mbele ya macho yetu kabla ya harusi. Katika vipindi 400, kumi vya kuomba radhi vinaweza kupatikana.