TUINUE GARI AU TUTENGENEZE NJIA?

Ndugu wanachama,

Katika mkutano wetu wa mwezi uliopita lililetwa pendekezo la kuinua pikapu ya chama. Vijana walilishangilia, dereva wetu akaliunga mkono, na mimi Katibu wenu nilinyoosha mkono nikasema ndiyo. Leo naandika hapa ukutani, pale pale mnaposoma bei ya kahawa, kukiri kwamba nilikubali kabla ya kupima. Sasa nimekwisha pima. Naomba mnisome mpaka mwisho, na asiyejua kusoma asomewe na mwenzake, kwa maana Jumamosi ijayo tunapiga kura, na fedha ni ya wote.

Kwanza nieleze jambo hili limetoka wapi. Hakuna aliyelileta kwa anasa. Masika iliyopita gari ilikwama mara nne kule bondeni, kabla ya kufika darajani. Mara tatu ilikuwa na mbolea. Tulishusha mifuko tukaibeba vichwani, mingine ikalowa. Mara ya nne ilikuwa na mgonjwa. Wengi mnajua kwamba mgonjwa yule ni mke wa mwanangu, uchungu umeshamshika, saa saba za usiku, mvua inanyesha. Tulimtoa garini tukambeba kwa machela hadi barabara kubwa. Tunashukuru Mungu, mama na mtoto wote wazima. Lakini usiku ule mimi sijausahau. Kwa hiyo mtu asije akasema Katibu anapinga kwa sababu jambo halimhusu. Linanihusu kuliko wengi.

Sasa tuje kwenye pendekezo lenyewe. Fundi mmoja wa mjini ameahidi kuinua gari inchi 3 kwa shilingi 450,000. Mbele ataweka vipande vya duara, wenyewe wanaita spesa, juu ya shokapu. Nyuma ataweka tofali za chuma kati ya ekseli na springi, halafu afunge kwa boliti ndefu. Kazi ya siku moja. Ukilinganisha na kuinua kwa vifaa kamili, yaani springi mpya, shokapu ndefu na vinginevyo, hii ni bei ya chini sana. Ndiyo iliyotupendeza. Lakini wazee wetu walisema rahisi ni ghali, na mimi nikaona kabla ya kutoa fedha iliyokatwa kwenye kilo zetu za kahawa, heri nikaone kwa macho.

Nilikwenda kijiji cha jirani ambako wenzetu waliinua pikapu yao mwaka jana kwa njia hiyo hiyo. Gari yao ni Hilux kama yetu, na matairi ni saizi moja na yetu. Niliazima futikamba ya seremala. Sisi tuliosoma kisomo cha watu wazima tulifundishwa kwamba kitu kikibishaniwa, kipimwe na kiandikwe. Basi nikapima toka ardhini hadi ukingo wa bodi. Yao imepanda karibu sm 8 kuliko yetu. Fundi wao hakudanganya. Halafu nikalala chini kwenye vumbi, watoto wakanicheka, nikapima toka ardhini hadi tumbo la difu. Ndugu zangu, difu yao na difu yetu ziko sawasawa. Hata nusu sentimita haikuzidi.

Nilipoamka nilimuuliza dereva wao, naye akanieleza vizuri. Difu imo ndani ya ekseli, na ekseli inabebwa na magurudumu. Ile tofali inakaa juu ya ekseli. Kwa hiyo inainua vyote vilivyo juu ya springi: chasi, bodi, mizigo na watu. Difu yenyewe inabaki pale pale ilipokuwa. Na je, kule bondeni kwetu kinachokwama ni nini? Kila aliyewahi kuisukuma gari ile anajua. Malori yamechimba mifereji miwili, katikati pamebaki tuta, na difu yetu inakaa juu ya tuta lile kama kuku anayeatamia. Magurudumu yanazunguka kwenye uji wa matope, gari haiendi mbele wala nyuma. Gari iliyoinuliwa kwa tofali nayo itaatamia pale pale.

Mtu atasema, basi tuweke na matairi makubwa. Kweli tairi kubwa linainua difu, lakini kwa nusu tu. Ukiongeza kipenyo cha tairi kwa inchi 2, difu inapanda inchi 1, kwa sababu ekseli iko katikati ya gurudumu. Na tairi kubwa lina gharama yake. Gari inakuwa nzito kuondoka, gia inachoka, mafuta yanakwenda zaidi. Hata saa ya mwendo inadanganya: ukitoka tairi la inchi 29 kwenda la inchi 31, saa ikionyesha 60, wewe kumbe unakwenda 64. Na matairi manne ya namna hiyo hayamo kwenye zile 450,000.

Nisiwe mtu wa kuona ubaya tu. Kuinua gari kuna faida yake. Gari iliyoinuliwa haigongi bampa upesi inapoingia korongoni, na chasi haikwaruzwi na mawe makubwa. Kwa mtu anayepita kwenye miamba hiyo ni faida ya kweli. Lakini sisi tumekwama mara nne, na mara zote nne ni matope na lile tuta. Dawa ya kichwa haitibu mguu.

Sasa nakuja kwenye jambo lililoniondolea usingizi, nalo ni breki. Pikapu nyingi za aina hii, na yetu nimeiangalia, zina fito ya chuma kule nyuma inayotoka kwenye ekseli kwenda kwenye valvu ya breki. Kazi yake ni kupima mzigo. Gari ikipakiwa ikalala, ile fito inasukumwa, valvu inafunguka, na magurudumu ya nyuma yanapata breki yenye nguvu. Gari ikiwa tupu, bodi iko juu, valvu inabana kidogo ili magurudumu ya nyuma yasijifunge gari ikateleza. Sasa ukitia tofali, bodi iko juu siku zote. Umepakia magunia, lakini ile valvu inadhani gari ni tupu, na breki za nyuma zinapungua. Fundi anayejua anairekebisha. Yule wa mjini nilimpigia simu nikamuuliza, akanijibu, "Hiyo haina shida, mzee." Sikuona kwamba huo ni ufundi.

Dereva wa kijiji cha jirani ni kijana mwenye adabu. Alinipa shikamoo, tukakaa kivulini, na tulipozoeana akaniambia, "Mzee wangu, gari sasa inapendeza, lakini nikiwa na mzigo mteremko naushuka kwa gia ya kwanza huku naomba Mungu." Akanionyesha na mengine. Mpira unaofunika kiungo cha ekseli ya mbele umepasuka, kwa sababu kiungo sasa kinafanya kazi kikiwa kimepinda zaidi. Mchanga ukiingia humo kiungo hakidumu. Matairi ya mbele yameliwa upande mmoja, maana gari haikupelekwa kupimwa alaimenti baada ya kuinuliwa. Paipu ya breki ya nyuma inavutika gurudumu likishuka shimoni. Taa za mbele zinamulika juu, wanaokuja wanapofuka macho.

Hapa kwetu Umatengo hakuna tambarare. Kutoka ghalani hadi barabarani ni kupanda na kushuka, na sote tunajua kwamba juu ya magunia huwa wanakaa watu, ingawa si halali na mimi mwenyewe nimekataza. Gari ikipanda juu, uzito wake nao unapanda juu, na kwenye kona ya mteremko inakuwa nyepesi kupinduka. Gari ikikwama tunabeba mgonjwa kwa machela. Gari ikipinduka tutabeba wangapi?

Wako pia waliosema gari ikiinuliwa itabeba zaidi. Hapana. Tofali haziongezi nguvu ya springi hata kidogo, wala ekseli na breki hazijui kwamba gari imeinuliwa. Pikapu yetu ni ya kubeba kama tani 1. Ikipakiwa magunia ya tani 1 na nusu, hata ukiipandisha hadi darini, imezidishiwa.

Sasa msiseme Katibu amekuja kubomoa tu. Napendekeza mambo matatu.

La kwanza, fedha ile itumike kuirudishia gari urefu wake wa asili. Nendeni mkaitazame pale ghalani: springi za nyuma zimelala, bushi zimekwisha, shokapu moja inavuja mafuta. Tukiweka bapa za springi nzuri, bushi mpya na shokapu mpya, bodi itapanda yenyewe pale kiwanda kilipoiweka, bila kuharibu kiungo wala breki. Tupate bei kwa mafundi wawili au watatu kwa maandishi, siyo kwa simu.

La pili, matairi yakifika wakati wa kubadilishwa, tununue ya saizi ile ile lakini yenye meno ya matope. Na ndani ya gari ziwepo siku zote koleo, jembe, kamba nene na mbao mbili. Usiku ule wa machela hatukuwa na hata koleo moja. Huo ulikuwa uzembe wetu, na mimi nimo.

La tatu, ndilo kubwa, ni lile bonde. Kinachotukwamisha ni tuta na maji yasiyo na pa kwenda. Barabara za vijijini ziko chini ya TARURA tangu mwaka 2017, kwa hiyo tuandike barua ya kuomba kalvati, na uongozi wa kijiji uwaulize tunaruhusiwa kufanya nini kwa mikono yetu wakati tunasubiri. Kuchimba mfereji wa pembeni, kusawazisha tuta, kumwaga mawe kwenye mikondo ya magurudumu, hayo hayahitaji mtaalamu kutoka mbali. Sisi ni watu tunaolima ngoro kwenye milima, babu zetu walijua kuyaongoza maji yasichukue udongo. Tutashindwaje kuyaongoza maji ya hatua mia moja za barabara? Kila kitongoji kitoe siku mbili kabla ya mvua za Novemba.

Najua jibu la vijana: malori yatachimba tena. Ndiyo, yatachimba, na sisi tutasawazisha tena. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Lakini fikirini hivi. Ukiinua gari, umeisaidia gari moja. Ukitengeneza bonde, umesaidia pikapu, lori la mnunuzi wa kahawa, pikipiki, gari la wagonjwa, na yule mama anayekwenda kliniki kwa miguu na mtoto mgongoni.

Na kama baada ya haya yote mkutano bado utaamua kuinua, mimi nitatii, ndio ushirika. Ila naomba iandikwe kwenye muhtasari kwamba fundi atarekebisha valvu ya breki, ataweka paipu za breki za urefu unaotosha, atapima alaimenti na taa, na kwamba wenye bima wataarifiwa kabla, maana gari iliyobadilishwa bila wao kujua wanaweza kukataa kuilipia. Fundi akikubali masharti hayo, muulizeni tena bei. Mtaona kama bado ni 450,000.

Futikamba nimeirudisha kwa mwenyewe, lakini atatuazima tena. Ijumaa jioni gari itakuwa ghalani. Kila mwanachama anayetaka aje apime mwenyewe toka ardhini hadi difu, halafu ashuke bondeni apime urefu wa lile tuta. Aandike namba mbili kwenye karatasi. Jumamosi aje nazo mkutanini, apige kura akiwa anajua.

Ni mimi,
Katibu wa Tawi