Ugoro, tambuu na hiki "kipimo cha damu cha kansa"

Wadau, vijiweni hapa Kariakoo kuna maneno yanatembea kwamba siku hizi kansa ya mdomo inapimwa kwa damu tu: asubuhi unatoa hela, jioni unachukua jibu. Nataka tuliongelee hili, maana lina ukweli ndani yake, na ndiyo sababu linadanganya.

Ukweli ni huu. Seli inapata nguvu kwa kuvunjavunja sukari, na kazi hiyo inafanywa na vimeng'enya (mliosoma Baiolojia mnavikumbuka). Seli ya kansa ina fujo: inakula sukari nyingi, haimalizi kazi, inaacha asidi ya laktiki hata kama oksijeni ipo tele. Aliyeonyesha hili miaka ya 1920 ni Otto Warburg, mshindi wa Nobel mwaka 1931. Ni Mjerumani, ila hahusiani na wale Wajerumani waliojenga Ocean Road, msije mkachanganya.

Kimeng'enya kinachotengeneza asidi hiyo kinaitwa LDH kwa kifupi. Uvimbe ukikua na seli zikipasuka, LDH inamwagika kwenye damu, hata kwenye mate. Tafiti nyingi, hasa za India ambako tambuu na tumbaku vimewaumiza watu sana, zimekuta LDH ya wagonjwa wa kansa ya mdomo iko juu kuliko ya wasioumwa, na inaelekea kupanda kadiri ugonjwa unavyosonga.

Sasa sikilizeni. LDH hiyohiyo inapanda ukiwa na malaria. Inapanda kwa mwenye selimundu, kwa mwenye ini bovu, hata kwa mbeba mizigo aliyeshinda na magunia mgongoni. Damu ikitikiswa vibaya kwenye kichupa, namba inaruka. Kwa mji kama Dar, hebu fikiria ni wangapi wataambiwa wana kansa kumbe ni homa! Na kibaya zaidi, kansa changa inaweza kuwepo na namba ikasoma kawaida kabisa. Mtu anarudi zake mtaa wa Kongo anashukuru Mungu, huku kidonda kinaendelea.

Daktari anaweza kuitumia LDH kufuatilia mgonjwa ambaye tayari anajulikana. Lakini anayetoa hukumu ni yule anayekata kipande kidogo cha nyama na kukitazama kwa hadubini. Na kabla ya hapo kuna kipimo cha bei poa kuliko vyote: fungua mdomo, mulika tochi. Kidonda kisichopona wiki mbili, baka jeupe au jekundu, uvimbe shingoni, mdomo kukaza usifunguke vizuri. Hilo la mwisho wala tambuu wanalijua. Popoo ndiyo inayokaza nyama za ndani ya shavu.

Kuna jamaa wananiambia tambuu bila tumbaku haina neno. Si kweli. Shirika la utafiti wa kansa lililo chini ya WHO, kwenye ripoti yake ya mwaka 2004, liliiweka popoo yenyewe kati ya vitu vinavyosababisha kansa kwa binadamu. Ugoro nao usiseme: ile magadi inayochanganywa inafanya nikotini iingie haraka, ndiyo maana kuacha kunakuwa kazi.

Bunge lilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote mwaka 2023. Mimi naona kabla ya kukimbilia vipimo vya kisasa, bima hiyo ihakikishe machinga mwenye kidonda mdomoni anatazamwa na daktari wa meno na kukatwa hicho kipande bila kuuza mzigo wake wote. Maana kijana wa Gerezani hatafuti LDH, anatafuta nauli ya kwenda Muhimbili na siku moja ya kufunga biashara.

Wadau mnaotafuna na mlioacha, mnasemaje? Kuna aliyewahi kuambiwa na daktari afungue mdomo?