Mtoto akirudi dukani, muulize zaidi ya chenji

Na Zuhura Mkamba

Mtoto akirudi kutoka dukani, swali linalompokea mlangoni ni moja: chenji iko wapi? Ikitimia, mazungumzo yameisha. Ikipungua, ni kelele. Naumia nikiona hivyo, kwa sababu huyo mtoto ametoka kuiona biashara kwa macho yake. Kasimama mbele ya kaunta, kasubiri, kahudumiwa au kapuuzwa, na hakuna anayemuuliza kaona nini.

Mtaala ulioboreshwa umelipa somo la Biashara nafasi ambayo halikuwa nayo. Mwanafunzi wa sekondari anayefuata mkondo wa jumla sasa analisoma tangu kidato cha kwanza, na mimi ni mmoja wa waliofurahi. Ila mtoto anafika kidato cha kwanza akiwa keshatumwa chumvi, kiberiti na mafuta ya kupima mara zisizo na idadi. Keshakuwa mteja kwa miaka. Mwalimu anayemfundisha mtaji na faida anamkuta na mengi aliyoyaona, na pengine hakuna hata moja aliloketishwa akalifikiria.

Chukua mtaa wowote wa Dar es Salaam wenye maduka mawili yanayotazamana. Sukari bei ile ile, unga bei ile ile. Moja limejaa watu, jingine mwenyewe yuko na simu yake. Watu wazima watasema ni bahati, au watasema mengine ya chinichini. Muulize mtoto wa miaka tisa. Atakujibu bila kusita: yule anatuhudumia mwisho. Mtoto kafika wa kwanza, kaamkia, kanyoosha mkono na mia tano yake kwenye nondo za dirisha. Anakuja mtu mzima nyuma yake, anapewa. Anakuja mwingine, anapewa. Yeye bado anasema, “Mangi, naomba kiberiti,” na sauti inapotelea kwenye sauti za wakubwa. Safari ijayo anavuka barabara.

Hapo ndipo mzazi anapotakiwa kuingia. Ungekuwa wewe ndiye Mangi ungefanyaje? Nani anayetumwa sukari, sabuni na mkate hapa kwetu kila siku? Mtoto akilifikiria hilo ataona mwenyewe kwamba mia tano ya kiberiti haikuwa ndogo kama ilivyoonekana. Mwenye kuishika ndiye anayebeba manunuzi ya nyumba nzima, na akishatoka nje ya geti duka analichagua yeye.

Halafu kuna suala la pipi. Chenji ya shilingi hamsini au mia ikikosekana, mtoto anapewa pipi, bila kuulizwa. Wazazi wengi tumelizoea, wala hatulisemi. Mimi nataka tuliseme, tena mbele ya mtoto. Hamsini ile ilikuwa ya nani? Pipi ile dukani imenunuliwa kwa bei ya jumla, ikatolewa kwa bei ya rejareja, kwa mteja ambaye hakuiomba. Je, siku tukirudisha pipi kumi, tutapewa chumvi? Mtoto akijibu maswali hayo ameshaelewa tofauti ya bei ya jumla na rejareja, na ameelewa pia kwamba kuna faida inayopatikana kwa mteja kukosa la kusema. Mueleze na upande wa pili: sarafu kweli ni shida kuzipata. Kisha muulize mwenye duka mwenye busara angelimalizaje jambo hilo. Nimesikia watoto wakitoa majibu mazuri, mojawapo ni kuandika deni kwenye daftari, kama wakubwa wanavyoandikiwa wanapokopa.

Sokoni ndiko kwenye darasa kubwa zaidi. Nenda na mtoto kwa muuza nyanya, asubuhi kabla watu hawajawa wengi, umwache amtazame mama anavyopanga mafungu. Kubwa zilizoiva vizuri zinakaa juu na mbele. Zilizoanza kulainika anazitenga kwa ajili ya mama lishe, atakayezinunua kwa bei nafuu na kuzipika siku hiyo hiyo. Ananyunyizia maji. Mteja akilipa, anaongeza nyanya moja ndogo juu ya fungu, na ukiangalia vizuri utaona ile ya nyongeza alikuwa ameitenga pembeni tangu mwanzo.

Mkifika nyumbani, pigeni hesabu. Tuseme tenga kalinunua 40,000, mkokoteni na ushuru wa soko vikamla 5,000. Amepata mafungu 60 ya shilingi elfu moja. Mtoto atasema haraka, faida ni 15,000. Sasa mwambie mafungu kumi yalilainika yakauzwa mia tano mia tano, na tenga limemaliza siku mbili. Faida imeshuka hadi 10,000, yaani 5,000 kwa siku, kwa mtu aliyetoka kwake alfajiri. Mfano tu, lakini mtoto aliyeupiga mwenyewe hatamwona tena yule mama kama mtu anayetuuzia ghali. Ataanza kuuliza nyanya za Ilula zinafikaje mjini, kwa nini mvua zikizidi bei inapanda, na kwa nini kilo kwenye mizani na fungu la macho ni biashara mbili tofauti. Akiona stika ya Wakala wa Vipimo kwenye mizani, mueleze kazi yake. Akiona gunia la lumbesa, limeshonewa kilemba juu, muulize ile nyongeza ilitoka kwenye jasho la nani. Mkulima naye ana watoto.

Nina hofu moja. Siku hizi mzazi analipa kwa lipa namba akiwa ofisini, bodaboda inaleta mzigo, na mtoto anaona mfuko tu. Fedha haioni, mwenye duka hamjui. Sipingi simu, inatuokolea muda. Ila mtoto anayekua bila kuhesabu noti mkononi wala kuambiwa “ongeza mia, haijatimia” ananyimwa somo ambalo nyumba maskini kabisa iliweza kulitoa bure. Siku ya kulipa kwa simu, basi, asome meseji yeye: kiasi gani kimetoka, makato ni shilingi ngapi, salio limebaki kiasi gani.

Na nieleweke. Sisemi mtoto abebeshwe sinia la karanga stendi usiku. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 imeweka miaka 14 kuwa umri wa chini wa kuajiriwa, tena kwa kazi nyepesi, na watoto tunaowaona wakikimbiza mabasi giza limeingia wanatakiwa wawe nyumbani. Ninachokiomba hakihitaji mtoto auze chochote.

Wenye maduka nao nawaomba. Mtoto akifika wa kwanza, mhudumieni wa kwanza. Mhesabieni chenji yake kiganjani, noti kwa noti, sarafu kwa sarafu, na yeye ahesabu kwa sauti. Hamsini ikikosekana, iandikeni mbele yake, na kesho akirudi apewe bila kukumbusha.